ALIKOSA KITI MARA SITA: MAALIM SEIF ALITUACHIA NINI?

Mada iliyotolewa na mwandishi wa kujitegemea mbele ya vijana wa Tabata, Dar es Salaam. Tunaichapisha kwa ajili yako msomaji ambaye hukuwapo.



Mimi si mhadhiri wa chuo kikuu. Nimemaliza sekondari na tangu hapo naishi kwa kalamu, habari moja leo, nyingine keshokutwa, nikilipwa au nikizungushwa. Kwa hiyo usitarajie maneno ya vitabuni. Nataka tujibu swali moja ambalo kila kijiwe ninachokaa linarudi pale pale. Likitajwa jina la marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, kuna kijana atabetua mdomo na kusema: "Yule mzee aligombea urais wa Zanzibar mara sita, akakosa mara sita. Alipata nini?"

Swali hilo si la kipuuzi, na wala halimhusu marehemu peke yake. Linakuhusu wewe. Kama mtu anaweza kupigania haki miaka thelathini kisha akazikwa bila kukalia kiti, wewe una sababu gani ya kusimama kwenye foleni ya kupiga kura? Tusimpake mafuta mgongoni marehemu, wala tusimtukane. Tumpime.

KWANZA TUELEWANE JUU YA ZANZIBAR

Wengi wetu huku Bara tunaizungumzia Zanzibar kama mtaa wa Dar uliovuka maji. Sivyo. Zanzibar ina Rais wake, ina Katiba yake, ina Baraza la Wawakilishi, ina tume yake ya uchaguzi na ina mahakama zake. Mambo ya nchi za nje, ulinzi na mengine yaliyoorodheshwa ni ya Muungano. Ukitaka mfano wa mbali, tazama India. Kule kila jimbo lina bunge lake na kiongozi wake wa serikali, na juu yao wote iko Serikali Kuu ya New Delhi. Mwanasiasa wa jimbo anaweza kupendwa nyumbani kwake kupita kiasi, lakini siku wakubwa wa katikati wakimkunjia uso, anajikuta peke yake.

Maalim Seif alikuwa mwanasiasa wa namna hiyo. Alikuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar, cheo cha mtendaji mkuu wa serikali chini ya Rais wa visiwa hivyo. Maisha yake yote yalikuwa mvutano wa pande mbili: huku watu wa visiwani waliompa kura, kule dola.

MTOTO WA MTAMBWE

Alizaliwa tarehe 22 Oktoba, 1943 katika kijiji cha Nyali, Mtambwe, kisiwani Pemba. Alisoma Pemba, kisha akavuka kwenda Unguja katika shule ya King George VI, ile ambayo baadaye ilikuja kuitwa Lumumba. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964 yalimkuta kijana wa miaka ishirini aliyekwisha kumaliza masomo ya sekondari ya juu na kuwa tayari kwenda chuo kikuu.

Hakwenda. Walimu wengi walikuwa wameondoka na serikali mpya ilihitaji watu wa kushika chaki. Akapelekwa kufundisha, Pemba na Unguja. Alisubiri miaka minane. Mwaka 1972 ndipo alipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, akahitimu mwaka 1975 katika sayansi ya siasa. Jina la "Maalim" linatokana na chaki hiyo. Halikuwa pambo la kampeni.

Wewe uliyemaliza shule juzi ukasota miezi sita bila kazi ukadhani dunia imekwisha, ishike hiyo hesabu ya miaka minane. Tutairudia tabia hii ya kusubiri, maana ndiyo iliyompa sifa na ndiyo iliyomletea lawama.

KIGOGO WA CHAMA TAWALA

Kuna vijana wanaodhani Maalim Seif alizaliwa mpinzani. La hasha! Huyu alikuwa kigogo wa CCM. Mwaka 1977 alifanywa Waziri wa Elimu wa Zanzibar akiwa na miaka 33. Aliingia Kamati Kuu ya chama na kuongoza idara ya uchumi na mipango ya chama kizima, Bara na Visiwani.

Januari 1984 hali ya hewa ya kisiasa ikachafuka. Rais wa Zanzibar, Aboud Jumbe, alibanwa katika kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma kwa sababu ya mawazo yake juu ya muundo wa Muungano, akajiuzulu. Nafasi yake ilichukuliwa na Ali Hassan Mwinyi, na Februari 1984 Seif akateuliwa Waziri Kiongozi. Ilikuwa miaka ya uhaba, sukari kwa foleni na sabuni kwa kujuana. Serikali ya Mwinyi na Seif ililegeza masharti ya biashara, bidhaa zikaanza kuonekana madukani. Mwaka huo huo Zanzibar ilipata Katiba mpya yenye sehemu ya haki za binadamu.

Mwaka 1985 Mwinyi alipopandishwa kuwa mgombea urais wa Muungano, kiti cha Zanzibar kikabaki wazi. Majina mawili yakafika mbele ya Halmashauri Kuu: Idris Abdul Wakil na Seif Sharif Hamad. Wakil alipita kwa kura chache. Seif akabaki Waziri Kiongozi chini ya mtu aliyeshindana naye, na kila aliyewahi kufanya kazi chini ya bosi anayemwona mpinzani anajua hali hiyo inavyokuwa.

Januari 1988 Rais Wakil alilivunja Baraza lake la serikali. Seif akawa nje. Mei 1988 yeye na wenzake sita, wakiwamo Shaaban Mloo na Hamad Rashid Mohamed, wakatimuliwa CCM. Kumbuka kulikuwa na chama kimoja tu nchini. Kutimuliwa chama wakati ule kulikuwa kuzikwa kisiasa ukiwa hai.

MIEZI THELATHINI NDANI

Hawakuishia hapo. Mei 1989 alikamatwa. Mashitaka yakawa kuhudhuria mkutano usio na kibali na kupatikana na nyaraka za siri za serikali. Yaani mtu aliyekuwa Waziri Kiongozi mwaka jana yake anashitakiwa kwa kuwa na karatasi za serikali! Akaswekwa rumande, akakaa humo kwa miezi thelathini hivi, mpaka Novemba 1991 alipoachiwa kwa dhamana.

Tafakari jambo hili, ndugu msomaji. Ile Katiba ya 1984 yenye haki za binadamu ilitungwa yeye akiwa Waziri Kiongozi. Miaka mitano baadaye haikumsaidia. Nadhani hapo ndipo alipojifunza somo ambalo lilimchukua miaka ishirini kulifanyia kazi: ahadi nzuri ikikosa kitu cha kuilazimisha, ni maandishi ya kufungia karanga.

Alipotoka, upepo ulikuwa umebadilika. Sheria ya vyama vingi ilianza kutumika Julai 1992. Kundi la Visiwani lililoitwa KAMAHURU likaungana na Chama cha Wananchi cha Bara kilichoongozwa na James Mapalala, ikazaliwa CUF. Ofisi kuu yake ikaja kuwa hapa hapa Buguruni, hatua chache kutoka Tabata. Kwa hiyo usiseme mambo haya ni ya ng'ambo ya maji.

KURA 1,565

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar ulifanyika tarehe 22 Oktoba, 1995, siku ambayo Maalim Seif alitimiza miaka 52. Matokeo yaliyotangazwa yalikuwa haya: Dk. Salmin Amour wa CCM kura 165,271, Seif wa CUF kura 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Chukua daladala za abiria thelathini, zipange kuanzia Tabata Relini. Hamsini na tatu zinatosha kuwabeba watu hao wote, na mmoja wao atapewa funguo za Ikulu.

CUF ilikataa matokeo, na hata waangalizi wa nje walikuta hesabu zisizolingana. Usisahau pia kwamba mwaka huo huo hapa Dar es Salaam uchaguzi wa majimbo yote saba ulivurugika, ukafutwa na kurudiwa Novemba.

Yaliyofuata Visiwani yalikuwa machungu. Pemba, ambako CUF ilichukua viti vyote 21, ilionja ubaya wa kupigia kura upande usiotakiwa. Wawakilishi wa CUF walisusia Baraza. Kuanzia mwishoni mwa 1997 viongozi na wanachama wa CUF walianza kukamatwa, wakafikia 18, wakashitakiwa kwa uhaini, na wakasota gerezani mpaka Novemba 2000 ndipo wakaachiwa, kesi yenyewe haijamalizika.

MIAFAKA MIWILI ILIYOKUFA

Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu, kwa hiyo weka pembeni kahawa kidogo.

Juni 1999, baada ya Jumuiya ya Madola kusuluhisha kwa muda mrefu, CCM na CUF walitia saini makubaliano. Watu wakayaita Muafaka. Yaliahidi marekebisho ya tume ya uchaguzi, daftari la wapiga kura na mengineyo. Yalikuwa makubaliano baina ya vyama viwili. Hakukuwa na kipengele cha Katiba kilichomlazimisha mtu. Oktoba 2000 ikafika, ahadi nyingi hazijatekelezwa. Uchaguzi ukavurugika, majimbo 16 ya Unguja yakaamriwa kurudia kura, CUF ikasusia marudio hayo, na Amani Abeid Karume akatangazwa Rais.

Kisha ikaja Januari 2001. CUF iliitisha maandamano ya nchi nzima kudai uchaguzi mpya. Serikali ikayapiga marufuku. Hapa Dar, mwenyekiti wa CUF, Profesa Ibrahim Lipumba, alikamatwa na kupigwa na polisi siku chache kabla. Tarehe 26 na 27 Januari risasi za moto zilipigwa Unguja na Pemba. Tume ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilihesabu watu 31 waliouawa. Shirika la Human Rights Watch lilisema hawakupungua 35. Watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, wengine kwa vyombo vya kuvulia. Tanzania yetu, iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake, ikawa nayo imetoa wakimbizi.

Sasa msomaji, jiweke mahali pa Maalim Seif. Watu wako wamezikwa, vijana wanakuangalia usoni wakingoja neno moja tu. Wewe ungesema nini? Yeye alirudi mezani. Oktoba 10, 2001 makatibu wakuu wa vyama viwili, Philip Mangula wa CCM na yeye mwenyewe, walitia saini Muafaka wa pili. Ulizaa tume huru ya uchunguzi, marekebisho ya tume ya uchaguzi na kuachiwa kwa waliokamatwa. Lakini nao ulikuwa wa vyama. Mwaka 2005 Karume alitangazwa mshindi kwa asilimia 53 dhidi ya 46, CUF ikalalamika tena, na mazungumzo mapya yakaja kukwama.

Vijana wa wakati ule waliuliza swali lile lile mnalouliza leo: mzee huyu atadanganywa mara ngapi?

KARATASI YA TATU

Tarehe 5 Novemba, 2009 Maalim Seif aliingia Ikulu ya Zanzibar na kukutana na Rais Karume. Waliokutana walikuwa Wazanzibari wawili, hakukuwa na msuluhishi wa kigeni. Siku chache baadaye akawatangazia wafuasi wake kwamba CUF inamtambua Karume kuwa Rais. Si wote waliopiga makofi. Wapo waliopinga hadharani, na ukifikiria miaka ile yote ya kuambiwa wasimtambue, utawaelewa.

Safari hii lilifanyika jambo ambalo halikufanyika 1999 wala 2001. Makubaliano yalipelekwa kwa wananchi wenyewe. Tarehe 31 Julai, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni: mnataka serikali ya umoja wa kitaifa au hamtaki? Asilimia 66.4 wakasema wanataka. Katiba ya Zanzibar ikabadilishwa. Cheo cha Waziri Kiongozi kikafutwa. Badala yake kikawekwa cheo cha Makamu wa Kwanza wa Rais, kinachotoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika kura za urais, mradi kimefikisha asilimia 10, na mawaziri wakagawanywa kwa uwiano wa viti.

Oktoba 2010 matokeo yakatangazwa: Dk. Ali Mohamed Shein kura 179,809, Seif 176,338. Tofauti kura 3,471 tu! Kwa hesabu ya 1995 hapo ndipo nchi ingewaka. Haikuwaka. Maalim Seif alikubali matokeo na Novemba akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Mtu aliyetimuliwa serikalini mwaka 1988 alirudi mwaka 2010 kwa mlango ambao hakuna Rais mwenye uwezo wa kumfungia kwa hasira zake, kwa sababu mlango huo umo ndani ya Katiba.

Nilitaja India. Iko habari ya Kashmir inayofanana na hii. Sheikh Abdullah, aliyependwa mno kwao, alifukuzwa uwaziri mkuu wa Kashmir mwaka 1953 na kufungwa kwa miaka mingi. Mwaka 1975 alipatana na Waziri Mkuu Indira Gandhi, akarudi kuongoza jimbo lake mpaka alipofariki mwaka 1982. Wako waliomwita mtu wa busara, wako waliosema amewauza. Ndivyo ilivyo kwa kila anayetoka gerezani akaenda mezani: nusu ya watu watamwita msaliti kabla kalamu haijakauka.

MWAKA WA JECHA

Katiba nzuri haimzuii mtu mwenye nia mbaya kujaribu. Tarehe 25 Oktoba, 2015 kura zilipigwa. Tarehe 26 Maalim Seif alijitangazia kuwa kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28, kabla ya matokeo yote kutangazwa, mwenyekiti wa tume, Jecha Salim Jecha, alijitokeza na kuufuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Ajabu ni kwamba watu wale wale, siku ile ile, katika vituo vile vile, walipiga pia kura ya Rais wa Muungano, na hiyo haikufutwa. Kura moja imeoza na nyingine nzima, zote zimetoka mkono mmoja!

CUF ilisusia marudio ya tarehe 20 Machi, 2016. Dk. Shein akatangazwa kwa asilimia 91. Hakuna mwingine aliyefikisha asilimia 10, kwa hiyo cheo cha Makamu wa Kwanza kikabaki kitupu kwa miaka minne na zaidi.

Wakati huo huo nyumba yake mwenyewe ikawaka moto. Profesa Lipumba, aliyejiuzulu uenyekiti mwaka 2015, alirudi na kudai kiti chake. Chama kikapasuka, kesi zikafunguliwa, na tarehe 18 Machi, 2019 Mahakama Kuu ikatoa hukumu iliyoupa ushindi upande wa Lipumba. Siku hiyo hiyo Maalim Seif akahamia ACT-Wazalendo. Kwa lugha ya baharini waliyoitumia, tanga lilishushwa na tanga jingine likapandishwa. Visiwani matawi yalipakwa rangi mpya. Buguruni ikabaki na jengo, watu wakaenda na mzee.

SAFARI YA MWISHO

Mwaka 2020 aligombea mara ya sita, akiwa na miaka 77. Tarehe 27 Oktoba, siku ya kura ya mapema, alikamatwa kituoni. Akaachiwa, akakamatwa tena tarehe 29. Watetezi wa haki za binadamu waliripoti vifo na majeruhi, hasa Pemba. Dk. Hussein Mwinyi, mtoto wa yule Mzee Mwinyi aliyefanya naye kazi mwaka 1984, alitangazwa mshindi kwa asilimia 76. Seif alipewa asilimia 19.87.

Desemba 8, 2020 aliapishwa tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwishoni mwa Januari 2021 chama chake kilitangaza waziwazi kwamba ameugua COVID-19. Nakukumbusha kwamba serikali ya Muungano ilikuwa imeacha kutoa takwimu za ugonjwa huo tangu mwaka 2020, na viongozi walikuwa wakisema umekwisha.  Tarehe 17 Februari, 2021 alifariki katika Hospitali ya Muhimbili hapa Dar es Salaam. Alizikwa siku ya pili yake kijijini kwake, Mtambwe.

SWALI GUMU

Turudi kijiweni. Kijana ataniambia: "Mwandishi, wewe unampamba. Watu wamekufa Oktoba, yeye Desemba yumo serikalini. Hiyo ni nini kama si kuwauza?"

Sitalikimbia swali hilo. Kuingia kwake mwaka 2020 kuliipa serikali heshima iliyokuwa inaitafuta. Waliofiwa hawakupata mahakama ya kuwasikiliza kabla ya yeye kuapa. Mtu aliyempoteza ndugu yake ana haki ya kuuliza kwa nini saini ilitangulia haki, na hakuna mtu wa kumwambia anyamaze. Tena kwa miaka thelathini chama kilisimama juu ya mabega ya mtu mmoja, na mtu mmoja ana umri wake. Hizo ni lawama halali.

Lakini pima upande wa pili wa mizani. Kama asingeingia, nafasi ile ingebaki tupu kama 2016, na wafuasi wake wa Pemba wangekaa miaka mingine mitano bila mtu wao hata mmoja ndani ya chumba kinachoamua nani anaajiriwa na shehia ipi inapata maji. Na alipofariki, nafasi haikufa naye. Machi 2021 Othman Masoud Othman wa chama kile kile aliapishwa kuichukua. Linganisha na 1999 na 2001. Miafaka ile miwili ilitegemea nia njema ya wakubwa, nia ilipokwisha nayo ikaisha. Ule wa 2010 ulipita katika kura ya maoni ukaingia katika Katiba. Ulipuuzwa, ulipindwa, ulikaa mtupu miaka minne, kisha ukaamka.

Hilo ndilo alilopata yule mzee. Hakupata Ikulu. Alipata kifungu cha Katiba.

NA SISI WA TABATA?

Usidhani somo hili ni la Wapemba na Waunguja. Ukipanda daladala za kwetu utasikia konda akiita "Dampo!" Je, unajua kwa nini kituo kinaitwa hivyo na dampo lenyewe hulioni? Jiji lilikuwa linamwaga taka zake zote hapa Tabata, moshi na harufu vikiingia vyumbani mwa watu. Wakazi hawakuchoma gari la taka. Mwaka 1988 waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akasema basi. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani!

Wazee wale wa Tabata hawakuwa na chama cha upinzani, maana hakikuwapo. Walikuwa na hati ya mashitaka, na walikuwa na subira ya miaka mitatu. Leo unapumua hewa waliyoipigania na huenda hujui jina la hata mmoja wao.

Nasema haya nikijua tumetoka wapi karibuni. Tarehe 29 Oktoba, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, jiji hili liliona maandamano, risasi, intaneti kuzimwa na watu kuzuiwa kutoka nje usiku. Watu walikufa. Ziko nyumba ambazo kijana alitoka na hakurudi, na mama bado anaosha sahani yake. Mimi siwezi kusimama hapa nikakuambia hasira yako ni ya bure. Hasira hiyo ina sababu.

Ninachokuambia ni kwamba hasira ina muda wake, kama betri ya simu. Wenye madaraka wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Wanangoja iishe, kisha wanatuita kwenye mazungumzo, wanatupa chai na ahadi, tunapiga picha, tunarudi nyumbani. Siku hiyo ikija, na itakuja, wewe kijana uulize maswali matatu ambayo Maalim Seif aliyajua kwa kuumia. La kwanza: hili mnalotuahidi limeandikwa wapi, katika barua ya chama au katika Katiba? La pili: wananchi wamelipigia kura? La tatu: mkilivunja, nani ana nguvu ya kuwarudisha kwenye mstari?

Wakishindwa kujibu la kwanza, hiyo ni 1999. Wakishindwa la pili, hiyo ni 2001. Na la tatu, ndugu yangu, hata 2010 haikulijibu, ndiyo maana Jecha aliweza kufanya alichofanya. Hilo yule mzee hakulimaliza. Alifika nalo Mtambwe. Limebaki kwetu sisi tulio na miaka ishirini na kitu, tunaokaa vijiweni tukiulizana kama alipata kitu.

Wakikukuta kijiweni wakakuuliza tena, wajibu hivyo. Kisha ukajiandikishe, uisome Katiba ya nchi yako japo mara moja, na umfuate diwani wako umuulize mtaro wa mtaa wenu umeandikwa katika bajeti ya mwaka gani. Akikuambia "tunalifanyia kazi", mwambie akuonyeshe karatasi.